Saa Tisa za Korido

Mlezi, anayetunza wazee ng'ambo, alifika nyumbani kwao adhuhuri, akaacha sanduku mlangoni, akavua viatu. Mdogo wake, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa jikoni akichuja supu.

"Karibu dada. Pole na safari."

"Asante. Mama yuko wapi?"

"Chumbani kwake. Anakuulizia tangu alfajiri."

Akashika korido. Ni korido fupi, watu wawili hupishana kwa kubanana, na mlango wa mama uko pale mwisho, umeegeshwa tu. Akatembea, akatembea, mlango ukawa bado pale pale. Mdogo wake akampita na bakuli, akaingia chumbani, akatoka na bakuli tupu.

"Nilisahau kukwambia," alisema. "Wewe itakuchukua saa tisa. Shemeji yetu alipokuja ilimchukua saa mbili, lakini yeye anaishi karibu."

Saa tisa ndiyo safari ya ndege kutoka mji anakofanya kazi. Hesabu hiyo aliijua vizuri, maana ni yeye aliyekuwa akiisema kwenye simu miaka yote: ni saa tisa tu, mama, ukiniita nafika. Na mama aliita, jamani. Aliita alipovunjika nyonga, akaita macho yalipoingia ukungu, akaita kwa upweke tu. Kila mara bibi kizee wa watu ambaye yeye humtunza huko hakuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani, na bosi hakutaka kusikia habari za ruhusa.

"Basi mlete mama huku."

"Daktari kasema asiinuliwe. Mgongo." Mdogo wake akamwekea chupa ya chai pembeni ya ukuta. "Nenda mdogomdogo. Shemeji alikimbia, akaambulia kuteguka goti."

Sauti ya mama ilimfikia kama vile wamelala kitanda kimoja.

"Umefika wapi, mwanangu?"

"Niko njiani, mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Mwongo wewe, tangu utoto." Akakohoa. "Haya, njoo. Silali."

Mlezi alilia huku akitembea, kwa sababu kusimama kulia kungemchelewesha. Majirani walimpita wakienda kumwona mgonjwa, wakamsalimia, na wakati wa kurudi wakamsalimia tena. Taa ziliwashwa. Baadaye mama akaacha kuuliza, na mdogo wake akatoka chumbani mikono mitupu.

"Dada, mama ametutoka."

Gari la mochwari halikukawia. Machela ilipopita, mlezi alijibana ukutani kuwapisha, akawahi kugusa shuka. Waliobeba walimpa pole bila kusimama, maana dereva alikuwa anapiga honi.

Kurudi kulikuwa mbali zaidi, kwa hiyo akaendelea. Alipofika, alikuta mto umeelekezwa mlangoni. Akakaa kitandani mpaka simu ya bosi ilipolia. Kutoka chumbani hadi sebuleni zilikuwa hatua tatu.

Ruhusa yake ilikwisha kabla ya mazishi. Akapanda ndege, akakaa angani saa zake tisa, akateremka, akavaa aproni. Usiku bibi kizee wa watu aliita kutoka chumba cha pili, akitaka kugeuzwa ubavu. Hakumaliza hata kuita.

"Nimefika," alisema mlezi, akamshika bega.