Kichwa cha Spika

"Taa alizima nani kama si yeye?"

"Nilizima mimi."

"Na madirisha? Mchana kweupe, joto lote lile, mmejifungia kama mnaatamia mayai—"

"Nilifunga mimi, wifi! Mimi, mimi, mimi! Unataka nikuandikie ukutani?"

"—halafu unamwambia daktari eti mwanga haumsumbui, kelele hazimsumbui, kichwa hakimuumi. Kwani uliolewa na jiwe?"

Tulikuwa tunagombania kichwa cha kaka yangu, na kaka mwenyewe yuko hapo hapo katikati yetu kwenye kiti cha plastiki, ametulia kama mtoto aliyeletwa kuchomwa sindano. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alikuwa ameinua mikono juu ya kompyuta yake akisubiri tumalize. Maskini, hakuujua ukoo wetu.

"Mgonjwa ni yupi?" akauliza.

"Huyu," tukasema sote wawili, na hilo ndilo jambo pekee tulilokubaliana asubuhi ile.

Kaka ni kinyozi, na wateja wake humwita Spika. Ukikaa kwenye kiti chake unatoka umenyolewa kichwa na umejazwa masikio. Sasa, katikati ya wiki iliyopita alipanda ngazi kupaka rangi dari ya chumba chao, mkewe kaishika ngazi kwa chini. Mguu ukateleza. Akamwangukia mkewe, wakabiringika wote hadi kugonga kabati. Wifi ndiye aliyeinuka kwanza, akajipangusa, akaanza kumwita mumewe. Spika hakuitika. Ulikuwa muda mfupi tu, lakini kwa mtu ambaye hata usingizini anasimulia, ule muda ulikuwa mrefu.

Siku ile ile walimpima, wakasema ubongo umetikisika, hakuna damu iliyovujia ndani, apumzike, arudi aangaliwe. Basi tumerudi. Tatizo ni kwamba tangu siku hiyo Spika kazimika. Nikienda kumjulia hali nakuta chumba giza, pazia zimeshushwa, redio imepunguzwa sauti, kimya kama maktaba. Nikimtania, anatabasamu upande mmoja. Mimi nilishawahi kumwekea huyu mtu unga kwenye feni na akacheka mpaka akalia. Leo nimtanie, anitabasamulie upande mmoja? Nilikosa usingizi.

Na nilikuwa na sababu ya kukosa. Mtaa wa nyuma yetu yuko fundi bomba aliyegongwa kichwa na mlango wa gari. Kugongwa kidogo tu, hata nundu haikutoka. Mwaka mzima hakuweza kuvumilia vijiko vikigongana. Wanawe walikuwa wanacheza kwa kunong'ona. Nilikuwa nikimfikiria yeye kila nikimtazama kaka, ndiyo maana nilikuja na maelezo yangu yote kichwani, nikiwa tayari kuyamwaga.

Sasa wifi. Wifi ni dereva wa kreni, zile ndefu za kwenye ujenzi wa maghorofa, unakaa juu peke yako kwenye kibanda cha vioo na chini yako watu ni kama punje za mchele, na wewe unapitisha vyuma juu ya vichwa vyao. Aliitafuta kazi hiyo miaka. Ameipata, mji mwingine, basi lake linaondoka Jumapili. Na alishasema mbele ya kila mtu: kama mume wangu ana hatari ya kubaki na maumivu, siendi.

Mimi ni mtu wa hesabu ndogo ndogo. Daktari akisema kaka yuko salama, wifi anapanda basi. Akisema hayuko salama, wifi anabaki. Basi nikamsikia wifi anajibu "hapana, hapana, hapana" kila swali, nikasema moyoni, aha. Huyu keshapanga begi.

"Nisikilizeni," daktari akasema. "Haya maswali hayaonyeshi kilichomo ndani ya kichwa. Yanatusaidia kukisia. Wengi wanapona ndani ya wiki chache. Wachache dalili zinawaganda, zinapita mwezi, zinapita miezi. Tunajumlisha alama, tunaona nani tumfuatilie kwa karibu. Ni kama kutazama mawingu. Unaweza kubeba mwavuli na mvua isinyeshe."

"Na unaweza kuuacha ukalowa," nikasema.

"Ndiyo. Kwa hiyo nataka majibu ya mgonjwa, sio ya bunge."

Wifi akacheka kidogo, kisha akafunga macho kama aliyekula ndimu. Nikaona ni dharau.

Daktari akaanza upya. Amewahi kuumia kichwa kabla ya hapa? Hapana. Ana kipandauso, yale maumivu ya upande mmoja wa kichwa yanayokuja na kichefuchefu? Hapana. Anachoka kuliko kawaida?

"Anachoka!" nikadakia. "Juzi nimefika saa nne asubuhi nimekuta mtu bado kalala, shuka mpaka usoni."

"Nilikuwa mimi huyo," wifi akasema. "Yeye alikuwa bafuni."

"Bafuni anatapika! Nilisikia mtu anatapika jana yake, usinibishie."

Kaka akamtazama mkewe. Wifi akautazama mkoba wake.

"Chakula hakikunikaa," akasema.

Hee! Hapo ndipo akili yangu ilipopata mwanga. Kutapika, kulala mpaka saa nne, kuchukia mwanga. Nikampiga kikumbo cha bega. "Wifi wewe! Mbona husemi? Akiwa wa kike apewe jina langu, akiwa wa kiume nitavumilia."

"Sio hiyo," akasema, bila hata kunitukana. Hilo lilinishangaza. Wifi yangu kukosa tusi la kunipa ni kama jua kukosa njia.

Daktari alishatuchoka. Akageuza kiti, akamtazama kaka peke yake. "Nitajie miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma."

Spika akavuta pumzi.

"Desemba," akasema. Akanyamaza. "Novemba." Akanyamaza tena. Nikashika ukingo wa meza. "Oktoba, mwezi wa kodi ya duka. Septemba, mwezi wa kuikwepa..." Na akateremka hivyo hivyo mpaka Januari bila kujikwaa, kila mwezi na kichekesho chake. Nilitaka kumkumbatia. Pembeni yangu wifi alikuwa akimfuatisha kwa midomo bila sauti, Desemba, Novemba, Oktoba, kisha midomo ikasimama. Ikarudi Novemba. Ikasimama tena. Nikadhani machozi yanamjia, maana na mimi nilikuwa nafuta yangu.

"Simama. Mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kiguse vidole. Mikono kiunoni, funga macho."

"Daktari, mbona kama nimekamatwa na polisi usiku wa sikukuu?" kaka akasema, lakini akasimama. Akasimama kama nguzo ya umeme. Daktari alikuwa anamhesabia kimya kimya, na mimi nikiomba asiyumbe, asiyumbe. Nikageuka kumwonyesha wifi jinsi mumewe alivyonyooka, nikamkuta naye kasimama nyuma yetu karibu na mlango, mguu mbele ya mguu, macho kafumba. Nikafikiri anasali. Mara akayumba, akaudaka ukuta kwa kiganja, akakaa haraka kama mtu aliyevutwa kwa chini.

"Kelele," daktari akasema. "Zinakusumbua?"

"Hapana."

"Kichwa?"

"Siku mbili za mwanzo. Sasa hapana."

"Kaka, sema kweli," nikamsihi. "Tangu uanguke huongei. Wewe! Mteja wako kapita juzi kukujulia hali kakuuliza mpira, ukasema 'sijui'. Wewe, Spika, hujui mpira? Kama kuna kitu kimechomoka humo ndani tuambie, usimfiche daktari ili mtu apande basi."

Nikaona wifi amenigeukia. Nilikuwa nimeshalisema, basi.

Kaka akakuna kidevu. "Mdogo wangu," akasema polepole, "mke wangu anaondoka Jumapili. Nimeoa mtu anayenicheka kila siku, kisha anakwenda kukaa juu ya chuma huko mbali, nami nabaki na wewe na unga wako. Unataka niongee nini? Nimenyamaza kwa sababu nina huzuni. Huzuni nayo ina alama, daktari?"

"Hapa haina," daktari akasema, na nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza. Akabonyeza, akabonyeza, akaegemea. "Alama zako ni chache sana. Siwezi kuapa, hakuna anayeweza. Lakini ukiniuliza nikisie, wewe ni mmoja wa wale wa kupona mapema. Ungekuwa mwanamke ningekuongezea alama kidogo."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Wanawake dalili huwaganda zaidi. Hatujui vizuri kwa nini. Na mwenye kipandauso tangu zamani, na asiyevumilia kelele, na anayeyumba akifumba macho."

"Kumbe hata hapa sisi tunazidishiwa!" nikasema, nikacheka kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia. Kaka akacheka na yeye, kile kicheko chake chenyewe, cha duka zima. Chumba kikajaa. Wifi akainua viganja vyake vyote viwili, akaziba masikio.

Sikuelewa. Ninasema kweli, hata hapo sikuelewa. Nilikuwa na furaha mno, na mtu mwenye furaha ni mjinga mara mbili. Nikamshika mkono nimvute ainuke. "Haya dereva, samahani yangu utaipata njiani. Umeshinda. Twende tukufungashie, Jumapili si mbali, nchi nzima ya vyuma inakungoja."

Mkono wake ulikuwa wa baridi na umelowa jasho. Hakuinuka. Daktari alikuwa ameshashika kitasa amwite mwingine, kaka ameshavaa kofia yake, akaigeuza mbele nyuma kama anavyopenda.

"Wifi?"

Akaniangalia mimi kwanza, kisha mumewe, na akamwangalia mumewe kwa muda, kama mtu anayepima umbali kutoka juu. Halafu akajisogeza, akahamia kile kiti cha plastiki kilichoachwa wazi mbele ya meza.

"Daktari," akasema, "naomba urudi ukae. Hayo maswali niulize na mimi, na hawa wawili watoke nje."