Paka Aliyengoja Mvua Ikatike

Fundi wa nguo alikuwa mtu wa haya. Shati likimbana mteja tumboni, yeye husema kitambaa kimerudi kwa kufuliwa. Kwa hiyo dada wa mumewe alipokuja kuwasalimia, akakaa hadi viatu vyake vikawa na mahali pao pale mlangoni, fundi hakuthubutu kumwambia neno. Na wifi alilala katika chumba cha cherehani. Cherehani yenyewe ilibanwa jikoni, kati ya kapu la vitunguu na ndoo ya maji, hata sare za shule alizopewa kushona zilianza kunuka vitunguu. Mwenye shule alishasema: zikichelewa, kazi anampa mwingine.

Basi Jumamosi asubuhi akamkalisha wifi kwenye kigoda amsuke. Mtu akishikwa kichwa hana pa kukimbilia, atasikiliza tu.

"Wifi, nikupe hadithi?"

"Nipe. Ila hapo kwenye sikio usinivute sana."

"Paka alinyeshewa, akabisha hodi kwa kuku. Kuku akampisha kitandani. Mvua ikakatika, jua likawaka, nguo zikaanikwa, zikakauka, zikaanuliwa. Paka bado yuko kitandani. Kuku wa watu anatagia jikoni, mayai yananuka vitunguu."

Wifi akacheka mpaka kitana kikaanguka. "Paka huyo hana hata soni. Si yule jirani yenu aliyeazima pasi asirudishe?"

Fundi akashusha pumzi. Hadithi yote imepita hewani kama nzi. Akachambua nywele, akaanza mstari mwingine.

"Lakini umeruka kipande," wifi akasema.

"Kipande gani?"

"Paka kila akifunga mzigo, kuku anakuja mbio kuushika. 'Unakimbilia wapi na matope haya? Umetuchoka?' Sasa paka aondokeje, aonekane hana shukrani? Naye ana kwake, ufunguo unashika kutu. Na kitanda cha kuku, kwa taarifa yako, kina shimo katikati."

Mikono ya fundi ikasimama. Akaliona akilini lile begi la buluu la wifi: yeye mwenyewe hulipokonya mlangoni, hulirudisha chumbani, kisha huenda jikoni kununa.

"Kumbe umenielewa toka mwanzo."

"Na vitunguu vyote hivyo, wifi? Hata paka mwenyewe angeelewa."

Fundi akazishika tena nywele. "Wifi, nakihitaji chumba changu." Sauti ilitoka nyembamba kama uzi, lakini ilitoka.

"Haya. Maliza kichwa basi, nisipande gari upande mmoja nimesukwa, upande mmoja kichaka."

Mchana begi la buluu likawa mlangoni. Fundi akalitazama, mdomo ukafunguka wenyewe: "Jamani, mapema hivi? Si ungengoja hata chai..."

Wifi akamtazama tu.

Fundi akafunga mdomo, akajitwika begi kichwani, akatangulia yeye kwenda kituoni.