Mwenye Msiba Ndiye Anayeanza

Kila ulipomuuliza Moza mumewe yuko wapi, alikujibu kwamba amesafiri. Alijibu hivyo mwaka wa kwanza, akajibu hivyo mwaka wa tano, kwa sauti ileile ya mtu anayekutajia saa. Mtaa mzima wa Buyenzi, hapo Bujumbura, ulijua kuwa Obeid alipanda kwenda Kayanza kufuata maharage, kuwa gari lake lilikutwa limeungua kwenye barabara ya milimani, na kuwa ndani hamkuwa na mtu. Hamkuwa na mtu. Moza akashikilia hapo. Shehe Massoudi alikwenda kwake akamweleza kwamba sheria inampa mke wa aliyepotea miaka minne ya kungoja, na miaka hiyo imekwisha. Aseme tu kwamba mumewe amekufa, asaliwe, naye akae eda yake. Moza alimmiminia shehe chai, akamwongezea sukari, akamwambia, "Amesafiri." Hakulia, hakukasirika. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi zamani, na ganzi, tuseme ukweli, ina starehe yake.

Kazi alikuwa nayo. Alikuwa katibu wa shule ileile aliyosomea, huko juu upande wa Gihosha, na mwaka huo kombora lilikuwa limeondoka na paa la bweni la wasichana. Wasichana walilala madarasani, juu ya meza, na wengi wao hawakuwa na pa kurudi, maana huko kwao vilimani nyumba zilikuwa majivu. Mkuu wa shule, Sylvère, mtu mwema mwenye suti moja, akaamua waitwe wote waliowahi kusoma pale, wakutane siku moja, wachangie paa.

Waliwaita kama ilivyokuwa desturi, kwa mwaka wa kumaliza: wa mwaka huu wakae hapa, wa mwaka ule kule. Jamani! Katika Bujumbura ya vita, ukiita darasa zima unaita na waliokufa, na waliobaki wanatazamana kila mmoja akijiuliza mwenzake alikuwa wapi siku ya mauaji. Viti vilijaa ukumbini, watu wakawa haba. Tajiri mmoja wa mtaa wa Kiriri alimtuma dereva aje achungulie nani amefika. Dereva akachungulia, akawasha gari, akaenda zake.

Wazo la pili lilikuwa la Moza, naye alilitoa kama mtu anayependekeza kuhamisha kabati.

"Tusibaite kwa mwaka," alimwambia Sylvère. "Tubaite kwa kitu balikuwa banapenda. Ba basketi peke yabo, ba teatri peke yabo, ba kwaya peke yabo. Mutu atakataa kukaa na darasa, lakini hatakataa mutu mwenye alikuwa anaimba naye."

Wakaanza na kwaya, kwa kuwa Moza mwenyewe alikuwa mwanakwaya. Ilikuwa kwaya ya shule, si ya kanisa, ingawa baba yake, Mwarabu wa Buyenzi mwenye duka na ndevu, alinung'unika miaka yote kwamba hakumpeleka binti shule akawe kinanda.

Walikuja! Alikuja Odette, muuza vitenge, na Pascaline, muuguzi. Alikuja hata yule tajiri wa Kiriri, safari hii bila kutanguliza dereva, maana zamani alikuwa sauti ya nne na sauti ya nne walikuwa na kiburi chao. Wakakaa kwa sauti zao, wa kwanza na wa kwanza, wa pili na wa pili, Wahutu na Watutsi wamechanganyika bila kupangwa na mtu. Wakaulizana habari. Moza akaona paa limepatikana. Mzee Anselme, mwalimu wao wa kwaya, akasimama mbele na kuinua mkono.

Akaushusha, akauinua tena. Hakuna aliyefumbua kinywa. Sylvère akaharakisha kueleza habari ya bweni, nao wakatazama sakafu kama watoto walioulizwa nani kavunja chungu. Kisha wakaaga kwa adabu nyingi, wakaondoka, na hakuna aliyeahidi hata msumari.

"Chuki," alisema Moza akipanga viti.

"Apana," alisema Pascaline, aliyekuwa amebaki kumsaidia. "Bamoja banachukiana, ni kweli. Lakini haiko ile. Moza, mi siyagandukia batoto ba dada yangu. Odette hayagandukia bwana yake. Mutu ataimba namna gani na msiba iko wazi? Na unamuambia ajenge! Mutu hajengi na kilio iko ku mulango."

Moza aliacha kiti alichokishika. Kuganduka alikujua, nani asiyekujua mjini? Ni siku ile Warundi wanapofunga msiba: ndugu na marafiki wanakusanyika, mwenye msiba anasimama, anamtaja marehemu, anasema kilio kimekwisha, na tangu hapo watu wana ruhusa ya kucheka, kuoa na kujenga. Lakini yeye ni mtu wa Buyenzi. Kwao matanga ni siku tatu, hitima inasomwa, mkeka unakunjwa. Miaka yote alidhani kuganduka ni sababu tu ya watu kunywa bia. Hakuwahi kufikiri kwamba vita vilikuwa vimewanyima watu siku hiyo, na kwamba nusu ya mji ilikuwa bado imekaa matangani, kimoyomoyo, huku inauza vitenge na kupiga sindano.

"Itisha kuganduka," alisema Pascaline. "Moja, ya kwaya yote. Na ujue, hakuna mutu anakuya ku kuganduka mikono mitupu."

Basi ikaitishwa, mchana wa Jumamosi. Habari ikawafikia wa basketi, ikawafikia wa maigizo, nao wakasema wana wafu wao pia. Uwanja wa shule ukajaa. Walikuja na makreti ya Fanta kwa heshima ya Waislamu, na bia wakaiweka upande wa pili wa ukuta. Walikuja na mabati, mbao na misumari, na lori la mchanga la tajiri wa Kiriri likasimama langoni. Watu wale wale waliotazama sakafu! Hawakuileta shuleni michango hiyo, waliileta msibani, na mtoa rambirambi habembelezwi.

Mzee Anselme akanyamazisha watu. "Bon," alisema. "Mwenye msiba aanze."

Nyuso zote zikamgeukia Moza.

"Mi niliita tu kwa kazi," alisema Moza. "Mi sina msiba."

"Mwenye kuita ndiye mwenye msiba, binti yangu," Anselme alimjibu, wala hakuwa mkali. "Kama hauna mufu, sisi tumekuya kwa nani?"

Hakuna aliyemsukuma. Wangengoja kidogo, kisha wangebeba mabati yao na kurudi makwao, bila hasira, kwa kuwa hakuna kuganduka bila mwenye msiba, na mzigo wa msiba haupokelewi na asiyefiwa. Moza aliwaona wasichana wa bweni wamekaa ukutani na magodoro yao. Akahisi hofu, kitu cha kwanza alichokihisi kwa miaka. Neno lile, amesafiri, ndimo Obeid alimokuwa akiishi. Hakuwa na mahali pengine popote. Akilifunga, atakuwa amemtoa nje kwa mkono wake.

"Bwana yangu," alisema, "Obeid. Balimuua ku barabara ya Kayanza."

Walingoja. Haikutosha, na alijua.

"Amekufa. Nimemaliza kulia."

Hivyo ndivyo inavyosemwa, naye akaisema, mtu ambaye hakuwahi kuanza. Odette akasimama akamtaja mumewe. Pascaline akawataja wale watoto kwa majina, mmoja mmoja. Wakatajana hadi jua likaegemea milima ya Kongo, kisha mzee Anselme akainua mkono, na kwaya ikaimba. Wanasema waliimba vibaya sana. Moza alikuwa amekaa kati ya sauti ya pili, midomo imefunguka, na hakusikia kitu.

Alishuka Buyenzi akapitia kwa Shehe Massoudi, akamwambia sentensi ile ile, shehe akaitikia "Inna lillahi." Nyumbani alivua bangili na vipuli, akatafuta nguo nyeupe. Binti yake Sumaya alisimama mlangoni akimtazama. Baba alimwacha mdogo, na ule wimbo wa "amesafiri" aliukuta umeshaimbwa.

"Mama, unavaa eda?"

"Ndiyo. Baba yako amekufa."

Mtoto alifikiri. "Alikufa lini?"

Moza alifungua kinywa kutaja mwaka, na mwaka haukuja.

"Leo, muchana," alisema. "Nilikuwa pale."