Mrushaji Niliyemficha

Sisi tunaozunguka nchi kutafuta wachezaji wa besiboli tuna ugonjwa mmoja: tukimpenda mchezaji, tunamficha. Mnakaa nyuma ya mdakaji mko kumi, kila mtu ameinua kipima kasi chake, na wewe ukionekana umefurahi tu, umeshamtangaza kwa timu zote. Kwa hiyo unapiga miayo. Unasema mkono wa kijana umechoka. Unaondoka mapema, halafu unazunguka uwanja na kutazama mchezo uliobaki kupitia uzio. Nimeifanya kazi hii miaka ishirini na sita, Alabama yote na kipande cha Georgia, na kwa kujificha hakuna aliyeniweza. Nilikuwa najisifia jambo hilo.

Tavoris Mayhew nilimpata kwa bahati, Machi ya mwaka tisini na moja. Mvua ilikuwa imewafukuza wenzangu wote, mimi nikabaki kwa uvivu wa kuendesha. Mvua ilipokatika, akapanda kwenye kile kilima kidogo cha mrushaji kijana mrefu, mwembamba, mashoto, wa shule ndogo ambayo nusu ya timu yake ilipiga tarumbeta kwenye bendi. Mpira wake wa kwanza ulilia kwenye glavu ya mdakaji hadi nikaacha kutafuna karanga zangu. Maili tisini na mbili kwa saa, na hakuonekana hata kutumia nguvu.

Baada ya hapo nilimfuata michezo sita. Wasaka vipaji tunaingia bure kwa kitambulisho, ila jina lako linaandikwa kwenye daftari mlangoni, na mwenzako akija atalisoma. Mimi nililipa kiingilio kama mzazi yeyote. Nilitazama mchezo nikiwa ndani ya gari langu, nililoegesha kwenye viwanja vya shule nyuma ya uzio wa mwisho, nikila karanga za kuchemsha nilizonunua mlangoni. Na sikumpa kadi. Kila kijana tunayemtaka tunampa kadi aandike anwani yake, na kama timu ikimchagua atasaini au la. Nilijua kocha wake angeibandika ukutani, na kabla ya wiki kwisha ningekuwa na majirani wanane pale nilipoegesha gari.

Jumamosi, siku mbili kabla ya uteuzi, ambapo timu zote huchagua vijana kwa zamu, raundi kwa raundi, bosi wangu Lyle Brandvold alinipigia simu.

"Orrin, huyu mashoto wako nimemweka juu kwenye orodha. Atasaini?"

Nikaanza kupekua ripoti yangu.

"Kwenye fomu yako pale pa jibu lake pako wazi," akasema. "Ulipomuuliza alisemaje?"

"Sijamuuliza. Nilikuwa namficha."

"Umemficha mpaka yeye mwenyewe?"

Lyle akasema akikosa neno la kijana mwenyewe kufikia Jumapili jioni, atalifuta jina. Nikampigia kocha. Kocha alicheka kicheko cha mtu aliyechoka.

"Umechelewa, mzee. Jumatatu asubuhi anasaini jeshi la wanamaji. Dogo kasubiri msimu mzima, hakuna aliyempa hata kadi moja. Mimi mwenyewe nilimwambia asonge mbele."

Nimewahi kukosea hesabu za mkono wa mtu, nimewahi kumsifia mvivu. Lakini usiku ule niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona, maana hapa hapakuwa na kosa la macho. Nilikuwa nimemwona sawasawa, halafu nikamfanya aamini kwamba hakuna anayemwona.

Nilifika kwao Jumapili watu wanatoka kanisani. Mama yake, Odessa, alikuwa bado na kofia ya ibada. Nilimtambua mara moja: ndiye aliyekuwa anakata tiketi mlangoni. Kabla sijajitambulisha akafungua mlango wa wavu.

"Wewe ni wa karanga," akasema. "Nakungoja tangu Machi."

"Ulinijua, mama?"

"Mtu mzima, hana mtoto pale shuleni, kalipa kiingilio mara sita, na saa ya kupimia imening'inia shingoni. Nikujue kwa lipi lingine? Ingia, kuku anapoa."

Nikaingia. Nikamuuliza kwa nini hakuja kunigongea kioo hata siku moja.

"Nimekaa kiwanda cha kuku miaka kumi na tisa," akasema huku akiniwekea sahani. "Namjua mnunuzi anayejifanya hataki. Ukimshtua, anaondoka kweli. Nikasema acha ajifanye, ila kabla ya Juni atakuja. Hukuja. Basi ikabidi nifanye langu."

"Lipi?"

Akatazama mlango wa nyuma, akashusha sauti.

"Yule afisa wa jeshi alitaka kumsainisha tangu katikati ya Mei. Nikasema cheti cha kuzaliwa kimepotea. Wiki tatu natafuta cheti humu ndani, mimi na Tavoris, hadi chini ya friji. Nimekikalia kwenye mto wa kiti changu cha kanisani." Hakucheka. "Kesho ndiyo ilikuwa mwisho wa kutafuta, ningekitoa. Nimemdanganya mwanangu kwa sababu yako, Bwana Karanga, kwa hiyo kula polepole na useme jambo la maana."

Tavoris akaingia na ndoo ya barafu. Mama yake akamwambia mimi ni nani na ninatoka timu gani. Alisimama palepale. Akaniuliza kwa upole, na upole huo ulinichoma kuliko kama angefoka.

"Lile gari la kijani nyuma ya uzio ni la kwako?"

"La kwangu."

"Siku tuliyofungwa na shule ya Eufaula nilikaa nyuma ya kibanda cha vifaa, nalia. Ulikuwa hatua ishirini kutoka pale. Uliniona?"

"Nilikuona."

"Ukakaa ndani ya gari."

"Nilikaa. Nilikosea, mwanangu. Nilikuwa nawaogopa wenzangu, sikukufikiria wewe. Nakuomba radhi."

Alikaa kwenye kiti cha mbali, barafu ikiyeyuka miguuni pake. "Sasa unataka nini?"

Ningeweza kumwuliza swali la kwenye fomu na kuondoka. Badala yake nilitoa ripoti yangu, kitu ambacho hatumwonyeshi mchezaji kamwe, nikamsomea. Tunapima kuanzia ishirini hadi themanini, na hamsini ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Nilimsomea mabaya kwanza. Mpira wa kupinda, thelathini na tano. Mbio, thelathini. Hapo mama yake akaguna, akasema hata hiyo thelathini ni hisani. Kwa mara ya kwanza kijana akatabasamu kidogo.

"Mpira wa kasi," nikasoma, "sitini leo, sabini akikomaa. Mkono huru, hausikii maumivu, unatoka vilevile kila mara. Katika miaka ishirini na sita sijaona mkono wa mashoto mzuri kuliko huu katika eneo langu."

"Rudia hapo pa mkono," akasema Tavoris.

Nikarudia. Akaomba tena, nikasoma tena. Mama yake alikuwa amevua kofia na kuishika mapajani kwa mikono miwili.

"Nitasaini," akasema Tavoris. "Mwambie huyo bosi wako nitasaini."

Jumatatu timu yetu ilimchagua raundi ya nne. Lyle alinipigia, nami nikapiga kwao, lakini tayari walikuwa wamepata habari; niliwasikia majirani wakishangilia nyuma ya Odessa. Nikamwambia asante. Nikamwambia bila yeye ningekuwa leo nimekaa na ripoti nzuri ya kijana aliyeondoka, na kwamba miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuwiwa shukrani kubwa kiasi hiki.

"Asante nimepokea," akasema. "Na yeye umemwambia, au bado unajificha?"

Akampa simu kabla sijajibu.

"Tavoris," nikasema, "hongera. Nilikupenda tangu mpira wa kwanza, ile siku ya mvua. Nimekuwa nikiomba usiku na mchana uwe wetu."

Nilisikia kelele za watu wake.

"Ungesema tu, mzee," akaniambia. "Mimi ningefurahi tangu Machi."