Zamu ya Kuamia

Jumatano, tarehe 4 Machi 1998. Mvua ya usiku ilikoma alfajiri, lakini mawingu yalikuwa bado yamelala juu ya mikorosho, na udongo ulinata kwenye nyayo kama ugali wa muhogo. Dionisia alikuwa amechuchumaa jikoni akipuliza kuni mbichi. Alitaka maji yachemke sana, kama Nesi Ritha wa zahanati alivyowafundisha. Moshi ulikuwa mwingi kuliko moto.

Kutoka bondeni alisikia nyani wakibweka.

Aliacha kupuliza.

"Mama, hao wako kwetu?" aliuliza Felomena, binti yake mkubwa.

"Sijui. Waamshe wadogo zako wanawe mikono."

Lakini alijua. Shamba lake lilikuwa kule bondeni, ng'ambo ya kijito, na mahindi yalikuwa yanaanza kujaa. Yangevumilia siku chache tu, watoto wangekula mahindi mabichi na njaa ya mwaka huu ingekuwa imekatika. Ndani ya nyumba kulikuwa na makopa ya muhogo kidogo na majani ya kunde. Kwaresima ilikuwa imeanza juma lililopita, lakini nyumba ile ilianza kufunga tangu Krismasi.

Kila masika watu wa kijiji kile walihamia mashambani. Baba, mama, watoto, kuku na masufuria, wote walikwenda kukaa kwenye kibanda, na kando yake walijenga dungu, jukwaa la miti ambalo mtu hupanda kuamia mazao yasiliwe na wanyama. Mchana waliamia nyani, usiku nguruwe. Kijijini walibaki wazee na wagonjwa. Mwaka huu pia walikuwa wameshahama kipindupindu kilipoingia. Kilimchukua kwanza mama mkwe wa Munira, jirani yao, kisha kikaenda nyumba za karibu na kisima. Ndipo ikaja amri kwamba kila mtu akae nyumbani kwake, asitoke mpaka itakapotangazwa. Soko lilifungwa, pombe ikamwagwa, barabara ya Nachingwea ikawekewa kizuizi. Saturnini, mume wa Dionisia, alikuwa Nachingwea akitafuta kibarua, akabaki huko huko.

Dionisia hakuwa na ugomvi na amri. Alikuwa ameuona mwili wa yule bibi, jinsi ulivyokauka kwa usiku mmoja. Alipiga magoti akamshukuru Mungu kwamba kuna watu wanaojali. Ugomvi ulikuja kwa Bwana Gwakisa, mtendaji wa kata, aliyesema kwamba nyumbani ni nyumba ya kijijini, basi. Mgambo walipita mashambani wakawarudisha watu wote, wakawarundika kwenye nyumba zinazochangia choo kimoja na kisima kimoja. Nesi Ritha alimwambia Dionisia kwa sauti ya chini, "Kule shambani mngekuwa salama zaidi. Lakini mimi siyo mkubwa wake."

Nyani walibweka tena. Munira alisimama upande wake wa ua.

"Mama Felomena, unawasikia?"

"Nawasikia."

"Wenzetu wameshakunywa chai, hao."

"Na vitafunwa vyao viko kwangu."

Munira hakucheka. "Utafanyaje?"

"Nakwenda."

"Lukumani yuko njiani, kwenye kivuko."

"Lukumani nimembeba mgongoni."

"Siku hizi ana rungu." Munira alitazama bondeni, kisha akashusha pumzi. "Nenda. Watoto nitawaangalia kutoka hapa hapa, sivuki ua. Nyumba yangu imeshatoa maiti."

Dionisia aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. Bwana, alisema moyoni, kama napeleka ugonjwa kwa watu, nirudishe njiani. Kama sipeleki, nipitishe. Akafunga khanga kiunoni, akachukua panga, akatoka.

Lukumani alimwona kabla hajafika kivukoni. Alikuwa kijana mrefu, mtoto wa dada yake mkubwa, na kofia ya mgambo ilimbana kichwa.

"Mama mdogo, usiniletee soo. Rudi tu, mi sijakuona."

"Umeniona. Njoo basi uwafukuze wewe, mimi nirudi."

"Siwezi kuacha lindo."

"Unalinda nini hapa? Mto?"

Lukumani alitazama chini. Angemwacha apite, lakini mgambo mwenzake alitokea akiwa na watu wengine aliowakamata, akiwemo Mzee Ismaily, aliyeshikwa akienda kuangalia mbaazi zake. Wote wakaongozwa ofisini.

Bwana Gwakisa alikuwa barazani akinawa mikono kwa sabuni ya kipande, polepole, kila kidole. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alifuta mikono kwa kitambaa cheupe, kisha akamtazama Dionisia.

"Mama, kipindupindu hakijui kama una njaa."

"Najua, baba. Ndiyo maana naomba nikae kule. Kule hakuna mtu. Ni mimi na wanangu."

"Nyumbani kwako wapi?"

"Kwa sasa ni kule. Masika tunaishi kule."

"Sisi kwetu Tukuyu mtu ana nyumba moja, inajulikana. Ninyi mmetapakaa porini. Wakija wakubwa kutoka Ruangwa, niwaonyeshe watu gani?"

"Waonyeshe mahindi."

Mtu mmoja alikohoa nyuma yake ili asicheke. Bwana Gwakisa alitabasamu, na lile tabasamu lilimuuma Dionisia kuliko tusi.

"Kuwafungia chumba kimoja ni msongamano. Afya hawaruhusu. Kwa hiyo mtafanya kazi ya adhabu. Mtakwenda kuamia."

"Kuamia wapi, baba?"

"Kwangu."

"Lakini amri ni tukae nyumbani."

"Ninyi mmeshatoka," alisema, akaingia ndani.

Shamba la mtendaji lilikuwa upande wa huku wa kijito, kwenye ardhi nyeusi ambayo zamani ililimwa na kijiji kizima. Lilikuwa halina hata jani moja la magugu. Waliokamatwa juma lile ndio waliolipalilia, na waliokamatwa kabla yao ndio waliojenga dungu. Mvua ilirudi, ikawabidi wote wapande na kubanana chini ya paa la makuti, magoti kwa magoti. Maji ya kunywa yalikuwa kwenye ndoo moja, yamechotwa kijitoni, na kata ya kuchotea ilikuwa moja. Hakuna aliyekuwa ameyachemsha. Dionisia alikataa kunywa.

"Kweli huku ndiko kukaa mbali mbali," alisema Mzee Ismaily, huku kiwiko cha mtu kikiwa ubavuni mwake. "Tukipona hapa, hatufi tena."

Mvua ilipopungua nyani walishuka kutoka kilimani, kundi kubwa, wakaingia upande wa juu wa shamba. Dionisia alipewa debe na fimbo. Akapiga. Mzee Ismaily naye akapiga lake, na watu wengine wakazomea. Nyani walirudi nyuma, wakasimama, wakatazama, kisha wakateremka kuelekea kijitoni. Palikuwa na mti uliolala juu ya maji. Majike yenye watoto mgongoni yakatangulia kuvuka.

Dionisia aliendelea kupiga. Mkono ulikuwa umezoea. Ni kazi aliyoifanya tangu utotoni.

"Mwanangu," Mzee Ismaily alisema taratibu, "tunawafukuzia kwako."

Alitazama ng'ambo. Mahindi yake yalikuwa yanatikisika. Dume kubwa lilikuwa limepanda kwenye dungu lake, limekaa pale anapokaa Saturnini, na lilikuwa linamenya hindi bila haraka. Jingine lilivunja, likauma mara moja, likatupa, likavunja tena. Alikumbuka alivyozipanda mbegu zile, mvua ikazoa, akapanda upya. Akilini alimwona Felomena akigawa ugali kwa kidole.

Aliweka fimbo chini.

Moyo wake ulikuwa wa moto na safi, kama kisu kilichotolewa kwenye makaa. Kila mwaka padri aliwahimiza kusamehe wote, hasa wakati wa Kwaresima. Bwana, alisema, nitasamehe. Sikatai. Lakini siyo leo. Leo itazame mikono yangu, usiizuie.

Akashuka kwenye dungu.

"Mama mdogo, unakwenda wapi?" Lukumani, aliyewekwa kuwasimamia, alikuwa amejikinga mvua chini ya mkorosho.

"Hapo kijitoni. Siondoki shambani kwa bwana wako."

Aliokota mawe, akayafunga kwenye pindo la khanga, akavuka kwa ule mti, akazunguka nyuma ya mahindi yake. Kisha akapiga kelele, sauti kali ya watu wa bonde lile ambayo hata mbwa huijua, na akaanza kurusha. Dume liliruka kutoka kwenye dungu. Kundi lote likageuka, likakimbilia mtini na kuvuka kurudi lilikotoka. Dionisia alivuka nyuma yao akiendelea kurusha mawe, mpaka mkia wa mwisho ulipoingia kwenye mahindi ya mtendaji.

Akapanda tena dungu. Akaligeuza debe, akalikalia.

Watu walimtazama. Mzee Ismaily alilishika debe lake kama anayepima uzito, halafu naye akaliweka chini ya makalio yake.

"Miguu imechoka," alisema.

Mwanamke mmoja alicheka, akaziba mdomo kwa khanga. Chini yao mahindi mazuri ya mtendaji yalianza kuvunjika, pwa, pwa. Nyani walibana mengine makwapani, wakayaangusha, wakachukua mengine. Nyani akiachiwa shamba hashibi, huharibu. Dionisia alikuwa analijua hilo vizuri, na alitazama yote bila kugeuza uso.

Lukumani alikuja mbio. "Mama mdogo, pigeni debe. Mnaniharibia, mnajua."

"Panda uje ulipige wewe."

Alishika ngazi. Alitazama ng'ambo ya kijito, ambako shamba la mama yake lilipakana na la Dionisia, nalo halikuwa na mtu. Akaiachia ngazi, akabaki amesimama.

Alasiri, pikipiki ya kata ilisikika barabarani. Bwana Gwakisa aliiegesha, akatembea mpaka katikati ya shamba lake. Nyani waliondoka mbele yake bila haraka. Aliokota hindi lililoumwa, akalitazama, akaja nalo mpaka chini ya dungu. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope.

"Nani alikuwa zamu?"

"Mimi," alisema Dionisia.

"Mbona sikusikia debe?"

"Nililiweka chini."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi, Bwana Mtendaji."

"Nitakupeleka Ruangwa, mama. Utafungwa. Unaelewa?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa juu. "Lukumani, mshike."

Lukumani hakusogea. Alikuwa anasugua rungu kwa kidole gumba kama anayelitoa uchafu.

Dionisia aliteremka ngazi mpaka akasimama sawa na mtendaji.

"Nipeleke ukitaka. Lakini kwanza nisikilize, na Mzee Ismaily asikie, na Lukumani asikie, na wote mlio hapa juu, na Mungu anasikia. Jioni hii nahamia kwenye kibanda changu na wanangu. Nitachemsha maji, sitamkaribia mtu, na huko ndiko nitakakokaa mpaka ugonjwa uishe. Ukinifunga, Felomena atakaa. Na kila nyani atakayekanyaga kwangu tutamfukuzia kwako. Mmoja mmoja, Bwana Mtendaji, kila siku, mpaka mavuno. Naapa mbele ya hawa."