Baridi ya Raiya

Asubuhi hiyo Kulthum alisaga ndoo moja ya mahindi na kapu la makopa ya muhogo, kisha injini ikaanza kuchemka. Aliijua kwa harufu kabla hajaiona, harufu ya sufuria iliyosahauliwa jikoni. Akavuta waya wa kuzimia. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Mvuke ukatoka kwenye rejeta, ule ubao wa mabomba membamba unaopoza maji ya injini, ukapanda hadi kwenye mabati ya kibanda. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakavuta ndoo zao nyuma bila kusimama. Walishazoea.

"Leo haikufika hata kwangu," alisema Zipporah, muuza chapati wa mtaa huo wa Muyeye. "Jana angalau ilinisagia nusu."

"Subira, mwanangu. Itapoa."

"Itapoa kama maneno ya mume wangu, Mama Raiya. Yanapoa, halafu yanaanza upya."

Injini ilikuwa ya marehemu Hilal, mumewe Kulthum, aliyeing'oa kwenye lori kuukuu akaifunga kwenye kinu. Stima, huo umeme wa Muyeye, huja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, kwa hiyo mashine hiyo ya dizeli ndiyo iliyokuwa tegemeo la sima ya watu wengi. Ilipochemka, watu walivuka barabara kuu na ndoo kichwani, juani, kwenda kupanga foleni kwingine.

Fundi Mwenda, mtu wa Meru ambaye pwani haijamvua sweta mpaka leo, alikuwa ameshaijaribu. Alibadilisha mkanda wa feni. Ikachemka. Akafungua pampu ya maji, akaipuliza, akaifunga. Ikachemka. Mwisho akatoa themostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji ndani ya injini, akakitupa mchangani.

"Hiki kiliwekwa na watu wa nchi za baridi," alisema. "Huku kwenu joto ni la bure. Cha kazi gani?"

Mafundi wengi wa Malindi hufanya vivyo hivyo, na wenye magari hukubali. Injini ikachemka zaidi. Hakuna aliyeuliza habari ya maji yenyewe. Kisima cha uani kilikuwa cha chumvi; watu waliyaogea maji yake, wakaoshea vyombo, na ya chai wakanunua ya mfereji. Kuinywesha injini maji ya kununua kungekuwa israfu.

Basi Kulthum alikuwa akiipepea injini kwa ungo pale Raiya, binti yake wa pekee, alipoingia. Alivaa gauni la kijivu la utumishi lenye kola nyeupe, hana ushungi, hana mkoba. Raiya alikuwa amefariki Uarabuni tangu kabla ya Ramadhani. Wenye nyumba aliyoitumikia walisema ameanguka kwenye ngazi. Shoga yake aliyetumikia nyumba ya pili alisema nyumba ile haina ngazi. Mwili wake ulitiwa kwenye jokofu la hospitali ya huko, kungoja mwajiri atie sahihi ya kuuruhusu usafiri. Mwajiri hakutia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Sina njaa. Nasikia baridi tu."

Kulthum akamshika mkono, akauachia upesi, maana ulinata kama chuma cha friza. Kwenye kope za Raiya palikuwa na chembe za barafu zisizoyeyuka, na nje mabati yalikuwa yakilia kwa jua. Raiya akatazama huku na huku, akaiona injini inafuka, akapanda akaiketia, kama mtu aketivyo kwenye mkeka aliotandikiwa. Chuma kikatoa sauti ya kaango linalotiwa samaki. Kisha kikatulia.

"Alhamdulillahi," Raiya akasema. "Hapa pana joto."

Zipporah akainua ndoo yake. "Basi washa, Mama Raiya. Jua linapanda."

Kulthum akawasha. Mashine ikasaga ya Zipporah, ikasaga za wote, na haikuchemka.

Tangu hapo Raiya alikaa juu ya injini kuanzia inapowashwa hadi inapozimwa. Ikiwaka, midomo yake ilipata rangi, akaweza kuzungumza na kucheka. Ikizimwa, baridi ilimrudia, kwa sababu mwili wake ulikuwa bado ndani ya jokofu, na jokofu lenyewe lilikuwa zima, halina kasoro. Raiya aliyaeleza haya kwa utulivu, kama mtu anayeeleza zamu zake.

"Wakinitoa kule, nitaacha kuganda huku," alisema. "Mkinizika, nitalala. Nina usingizi mwingi, mama."

Imamu wa msikiti wa karibu alikuja kusema kwamba yafaa Raiya aswaliwe swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwapo. Alipomwona anayetaka kumswalia ameketi pale, akaona ni adabu kumuuliza mwenyewe.

"Ningojeeni kwanza, sheikh," Raiya akasema. "Nataka nioshwe."

Imamu akasema hiyo ni haki yake. Akasagiwa mtama wake, akaenda zake.

Mtaa ulizoea upesi. Watoto walitundika vifuko vyao vya ukwaju kwenye msumari nyuma ya mgongo wa Raiya, na kabla mchezo wao haujesha vilikuwa vimeshakuwa barafu. Wachuuzi waliacha makapu ya samaki ubavuni pake. Mzee Alamin, mwenye ugonjwa wa sukari, aliweka dawa yake ya sindano upande wa miguuni, si karibu sana, kwa kuwa ikiganda huharibika. Raiya alikumbuka kila kitu ni cha nani.

"Huyu hata kufa hakumpumzishi," alisema mwanamke mmoja, bila ubaya, akimpa kapu la changu.

"Nilishazoea, dada. Kule nililala jikoni, na jikoni lile halikulala."

Kila Jumatatu Kulthum alikwenda mjini, kwenye ofisi iliyokuwa ikishughulikia watu waliokwama ughaibuni. Mwanzoni, mashine ilipokuwa bado inachemka, wanawake wa mtaa walimsindikiza, wakajaza tuktuk, wakakaa kwenye ngazi za ofisi na kupiga kelele mpaka ofisa akatoka. Kelele zao ndizo zilizomfanya apige simu Uarabuni, hata hiyo moja. Wakala aliyempeleka Raiya alikuwa amefunga ofisi yake, akafungua nyingine ng'ambo ya barabara yenye kibao cha rangi nyingine. Wanawake wakiwa kwenye ngazi waliwaona wasichana wakiingia humo, wamevaa nguo zao za sikukuu.

Mashine ilipotulia, wasindikizaji wakapungua. Huyu mtoto wake ana homa. Yule ana hitima Gede. Mwengine kiatu kimekatika. Akabaki Zipporah peke yake, kisha naye Jumatatu moja hakutokea. Kulthum akamfuata kwake, akamkuta anakanda unga.

"Leo huendi, mwanangu?"

Zipporah alikanda, akakanda. "Mama Raiya, nisikudanganye, mimi ni mtu wa kanisa. Akirudi akazikwa, sisi tutasaga wapi? Na samaki za watu? Na dawa ya yule mzee?" Akajifuta uso kwa mkono wenye unga. "Mungu anisamehe. Lakini umeniuliza."

"Nimekuuliza," Kulthum akasema.

Hakukasirika. Kukasirika kunataka nguvu, na yeye zake zilikuwa zimekwenda zote katika kungoja. Siku hiyo hakwenda ofisini. Alikwenda kwa Mwenda, akaongea na miguu yake, maana sehemu nyingine ilikuwa chini ya gari.

"Fundi, nitengenezee injini yangu."

"Si iko sawa, Mama Raiya? Siku hizi haichemki."

"Haichemki kwa sababu mwanangu ameikalia. Nataka iache kuchemka yenyewe, ili mtu asiwe na sababu ya kumtaka abaki."

Mwenda akatoka chini ya gari. Akachukua spana zake.

"Samahani, dada," alimwambia Raiya kibandani, "nitakusumbua ushuke kidogo."

"Hunisumbui, kaka."

Safari hii Mwenda aliifungua rejeta. Akamimina maji juu, akangoja chini. Hayakutoka. Akaikwangua kwa bisibisi, akakuta mabomba yamezibwa na chumvi iliyoshikana, nyeupe, ngumu kama jino.

"Mama Raiya, mlikuwa mnainywesha nini hii?"

"Maji ya kisima."

"Woi, mama! Maji yale hata mbuzi anakataa."

"Na wewe ulipokuwa ukiijaribu, uliitia yepi?"

Mwenda akafikiri. "Ya kisima," akasema, akainama kutafuta spana ambayo haikuwa imepotea.

Akafunga rejeta nyingine, nzima, aliyoipata kwenye lori lililoharibika, na ile mbovu akaiegemeza ukutani. Akatia maji ya mfereji. Mashine ikasaga kutwa bila hata kutoa jasho.

Jumatatu iliyofuata wanawake walirudi wakajaza tuktuk, Zipporah mbele yao. Kulthum alimwacha Raiya kwenye benchi, amefunikwa leso na blanketi, maana tangu injini ipoe baridi ilikuwa ikimzidi kidogo kidogo, naye alisema atavumilia. Jirani alibaki akiendesha mashine.

Ofisa alikuwa kijana mwenye adabu zake. Alisimama, akamwamkia Kulthum, akamvutia kiti. Akasema mwajiri bado hajatia sahihi. Kisha akapunguza sauti.

"Lakini mama, na sisi tumeletewa habari. Tunaambiwa binti yuko nyumbani, Muyeye, na watu wanamwona kila siku. Sasa mtu aliyerudi tutamdai vipi tena?"

"Aliyerudi ni yeye, baba. Mwili wake uko kule."

"Naelewa, mama. Lakini ofisi hii ni ya watu ambao hawajarudi."

Zipporah akaweka mikono yote miwili juu ya meza. "Wewe kijana, una mama?"

"Ninaye."

"Akiwekwa kwenye friji mpaka tajiri fulani apate nafasi ya kushika kalamu, utalala?"

Ofisa aliangalia vidole vyake. Akasema waje tena mwezi ujao, huenda pakawa na neno. Akawasindikiza hadi mlangoni, akawaonyesha kwa mkono pale kwenye kivuli wangoje tuktuk.

Walipofika Muyeye walimkuta Raiya ameganda. Barafu ilikuwa imetoka kwenye kope ikashika mashavu, na leso iliyo mapajani ilisimama kama ubao. Jirani alisema alijaribu kumkalisha juu ya injini, lakini joto la injini nzima lilikuwa dogo, liliishia kwenye gauni, halikufika mifupani. Wanawake wakaleta jiko la makaa, makaa yakazimika. Mzee Alamin akatoa koti alilofungia ndoa. Wakamtoa juani, na kivuli chake kikaacha mchanga umelowa.

"Si kitu, mama," Raiya akasema, kwa sauti ya mtu aliye nyuma ya ukuta.

Kulthum akasema aitwe fundi.

"Irudishe rejeta ile ya kwanza," alimwambia Mwenda alipofika.

"Ile imekufa, Mama Raiya."

"Najua."

"Injini itachemka."

"Ndilo ninalokuambia."

Mwenda alisimama na sweta lake katika lile joto. "Mimi ni fundi, mama. Nikifunga kitu kibovu na ninajua ni kibovu, watu nitawaambia nini?"

"Waambie uliagizwa na mwenye mwana."

Akaifunga. Zipporah ndiye aliyekwenda kisimani akateka maji ya chumvi, akayatia mwenyewe, taratibu, asiyamwage. Kulthum akawasha. Injini ikanguruma, na baada ya kitambo ile harufu ya sufuria iliyosahauliwa ikajaa kibandani. Wanawake wakajizungushia leso mikononi ili wasinate, wakamwinua Raiya, wakampandisha. Chuma kikalia tena kama kaango. Maji yakamtiririka hadi sakafuni, yakachanganyika na unga uliomwagika, yakawa uji.

Raiya akafumbua macho. "Mlifika ofisini?"

"Tulifika."

"Wamesemaje?"

"Mwezi ujao."

Raiya akaitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa gari limechelewa. Akasogea, akajiweka vizuri. "Haya, leteni mahindi."

Wakasaga mpaka mahindi yakaisha. Watoto wakachukua barafu zao, wachuuzi makapu yao, Zipporah akajitwika ndoo akaenda kupika. Adhana ya magharibi ilipotoka, Kulthum alikwenda kuswali, akarudi, akaushika waya wa kuzimia. Raiya alikuwa amelaza shavu kwenye bomba la moshi, na shavu hilo lilikuwa na rangi ya mtu aliyekuwa akipika. Alimwona mama yake ameshika waya.

Kulthum akauachia. Akaongeza dizeli, akaketi kwenye benchi, akanyoosha miguu iliyokuwa ikimuuma tangu mjini. Mashine ikaendelea kusaga hewa. Majirani waliisikia, na wote walijua kwamba humo hamna mahindi. Wakapaza sauti kidogo ili wasikilizane, wakaendelea kula.