Godoro la Kocha

Simu ilitetemeka tena mfukoni, na Povu akaendelea kusugua. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sofa ya watu, mikono imezama kwenye mapovu hadi juu ya vifundo, na mtu mwenye mikono ya namna hiyo hapokei simu. Lakini leo simu ilikuwa haichoki. Ilitetemeka, ikanyamaza kama inayovuta pumzi, ikaanza upya.

"Si upokee, fundi? Huyo atakuwa mke wa pili," alisema mwenye sofa, mama mnene mchangamfu aliyejikalia kwenye kiti cha jikoni akimsimamia.

"Wa kwanza aliondoka na masanduku yake, mama. Wa pili atafuata nini kwangu?"

Mama akacheka. Povu akajifuta mikono kwa kitambaa kilichoning'inia kiunoni, akaitazama simu. Namba zote zilikuwa ngeni. Mmoja aliuliza bei ya godoro la futi sita. Mwingine aliuliza kama anaweza kufika leo hii, hata jioni. Mwingine alikuwa na magodoro ya nyumba ya wageni, yote. Povu alihisi moyo ukimpanda kifuani kama mtoto anayepanda kitanda cha wazazi wake. Hatimaye, alijisemea. Hatimaye wameniona.

Alikuwa amengoja sana kuonekana. Zamani alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, na huko ndiko jina la Povu lilikomkaa hadi hata bintiye akawa analitumia. Hoteli ilipofungwa, alinunua mashine ya kunyonya maji, brashi laini za ukubwa mbalimbali, akajiajiri mwenyewe. Masofa yalimletea masofa mengine, maana mtu akisafishiwa sofa humwita jirani aje akae. Magodoro ndiyo yaliyokuwa ufundi wake hasa, na magodoro hayakumletea kitu. Mtu akisafishiwa godoro hufunga mlango. Ni nani atakayemwambia mwenzake, nimepata fundi hodari wa mikojo?

"Baba, kazi yako haina mdomo," bintiye alimwambia. "Basi tuipe macho." Akamfungulia ukurasa mtandaoni, akamfundisha kupiga picha mbili: Kabla na Baada. Povu alipenda kuweka Baada, nyeupe tupu, kama shuka la hoteli. Binti akatikisa kichwa. "Watu hawatazami Baada, Baba. Watu wanatazama Kabla. Tafuta Kabla ya kutisha."

Juzi aliipata. Jana jioni akaiweka.

"Hebu nione," mama mwenye sofa alisema, naye tayari alikuwa na simu yake mkononi. "Povu Usafi... Ala! Kumbe ni wewe! Wewe ndiye wa lile godoro la Kocha!"

Kitambaa kilimponyoka Povu. "Godoro la nani?"

"La Kocha, jamani. Mtaa mzima unacheka tangu asubuhi. Mimi mwenyewe nimetumiwa na watu watatu."

"Sikuandika jina la mtu, mama. Mimi sitaji majina."

"Hukuandika, lakini tazama." Akaweka vidole viwili kwenye kioo cha simu, akaivuta picha. Godoro likatanuka, na madoa yake ya kahawia yenye kingo nyeusi kama ramani ya nchi zilizogombana. Mama hakuishia hapo. Aliisogeza picha pembeni, hadi kwenye mlango wa kabati la nguo uliokuwa na kioo, na ndani ya kioo kile, kidogo lakini wazi, kikasimama kikombe cha fedha chenye mkono mmoja uliofungwa kwa waya.

Hapakuwa na mtu mtaani asiyekijua kikombe hicho. Kilizungushwa barabara kwa barabara mwaka ambao vijana wa Kocha walizifunga timu kubwa, na mkono wake ulivunjika siku hiyohiyo kwa kugombewa. Povu mwenyewe alikigusa. Juzi alikuwa nacho chumba kimoja kwa saa kadhaa na hakukiona, kwa sababu jicho la fundi likishaona doa halioni kingine.

Chini ya picha maneno yalikuwa yamefuatana kama siafu. *Kocha siku hizi anachezea uwanja wenye maji. Refa, kadi ya njano hiyo! Alitukataza kunywa maji kabla ya mechi, kumbe alikuwa anayaweka akiba.*

"Watu wana vituko," mama alisema, akapangusa machozi ya kicheko. Kisha akauona uso wa Povu, akaacha.

Povu alirudi kwenye sofa. Doa husafishwa kutoka nje kuja ndani. Ukianzia katikati unalitawanya. Jambo hilo alilijua kama anavyojua njia ya kwenda kwao. Siku hiyo alianzia katikati, na alipogundua, doa la chai lilikuwa limeshakuwa kubwa kama sinia. Ikambidi alifukuze upya hadi mchana, na muda wote huo alikuwa akisikia sauti ya mkwe wa Kocha, mke wa mwanawe, alivyomnong'oneza mlangoni juzi: "Fundi, nimekuita saa ambayo Baba yuko uwanjani. Hajui kama najua. Hufua mashuka mwenyewe alfajiri, anadhani sisikii. Naomba hili lifie hapahapa."

Naye alijibu kwa maringo: "Mwanangu, mimi kazi yangu inaniingiza vyumbani ambako hata shemeji haingii. Ningekuwa na mdomo ningekuwa nimeshakufa njaa."

*

Bintiye alimpokea kwa vigelegele. "Baba! Tumetoboa! Umeona wafuasi? Nimeshapanga wateja wa wiki nzima."

"Ifute."

"Nifute nini?"

"Ile picha. Ifute sasa hivi, mbele yangu."

Binti alimtazama kama anayetazama mtu anayechoma nyumba yake mwenyewe. "Baba, ukiifuta hiyo unawafuta na wateja. Kwani umemtukana? Kuzeeka ni dhambi? Umemwonyesha mtu aliyekuwa na uchafu, ukamsafishia."

"Aliyekuwa nao hakuniita yeye. Na hakujua. Futa."

Akaifuta. Lakini alipoifuta hakumwangalia babake usoni, na Povu akaelewa kabla hajaambiwa: watu walikwisha kuichukua, kila mtu na yake, wakaitia mifukoni mwao. Maji yakimwagika hayazoleki, wahenga walisema. Yeye ndiye mtu aliyekuwa akila kwa kuyazoa.

Alioga, akavaa shati la kola, akatoka kwenda kwa Kocha. Njia ilipita mbele ya kinyozi, na kinyozi huyo, aliyekuwa golikipa wa Kocha enzi hizo na hadi leo akiitwa Kipa, alikuwa amezungukwa na wachezaji wenzake wa zamani, vitambi vimewatoka, simu mikononi.

"Huyo! Huyo anakuja!" Kipa alipaza sauti. "Mpisheni mkemia! Povu, tuambie ukweli, ulitumia pampu au ndoo?"

"Alitumia mtumbwi huyo," mmoja akadakia.

Wakaangua kicheko, wakampigia makofi. Mtu akampigapiga begani. Povu alikuwa na maneno tayari; alikuwa ameyapanga tangu nyumbani: acheni, huyu ni mzee wetu, naye ndiye aliyewafanya nyinyi watu. Maneno yakafika kooni. Na Povu akatabasamu.

Lilikuwa tabasamu dogo, la mtu anayetaka kupita. Lakini alilihisi usoni kwa urefu wote wa barabara iliyobaki, kama kitu kilichonata.

*

Mkwe alifungua mlango nusu. Hakumwamkia. "Hajatoka tangu asubuhi," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu alimtumia ile picha. Mtu wa timu yake mwenyewe. Na leo vijana wanamngoja uwanjani." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilikuambia nini mimi, fundi?"

"Mwanangu, nime..."

"Mwache aingie," sauti ikasema kutoka ndani.

Kocha alikuwa ameketi wima kwenye kiti cha mbao kisicho na mto, mikono juu ya magoti. Kikombe hakikuonekana popote.

"Shikamoo, Mzee."

Marahaba ilichelewa. Ilichelewa hadi Povu akasikia bomba la jirani likidondosha maji.

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Fundi, Mzee. Fundi wa kusafisha."

"Kusafisha nini? Taja kazi yako. Mtu haoni haya kutaja kazi yake."

"Magodoro, Mzee."

"Ehe."

Povu alibaki amesimama. "Nimekuja kuomba radhi. Nimeshaifuta. Najua haitoshi. Nilifikiri, ukinipa ruhusa, nitaandika kwamba godoro ni langu mimi. Kwamba kikombe nilikiazima kwako nipigie picha, iwe nzuri. Watu watanicheka mimi, yaishe."

Kocha alicheka puani. "Kikombe changu hakijawahi kuazimwa na mtu, na kila mtu anajua. Mwaka ule tuliposhinda walisema nimemhonga refa. Sikuhonga. Leo uzeeni nishinde kwa uongo wa fundi godoro?"

Povu akainamisha kichwa.

"Lilitakata?" Kocha aliuliza ghafla.

"Naam, Mzee?"

"Godoro. Nalilalia mimi, lakini macho yangu si ya zamani. Lilitakata?"

"Lilitakata."

"Lote?"

Povu angeweza kusema lote. Picha ya Baada ilisema lote. "Lile doa la upande wa ukutani liliacha kivuli, Mzee. Lilikuwa la siku nyingi, limezama."

"Kwenye picha yako sikukiona kivuli."

"Niligeuza godoro. Nikapiga upande mwingine."

Kocha aliyatafakari maneno hayo kama mtu anayetafuna kitu chenye mfupa. "Kwa hiyo langu ulilionyesha lote," alisema, "la kwako ukalificha."

Hakulisema kwa ukali. Angekemea, Povu angejua pa kujiweka; alikuwa amejiandaa kukemewa. Alisimama pale na shati lake la kola, akahisi jasho likimshuka mgongoni.

Mzee akajikongoja, akainuka. "Mkwe wangu! Viatu vyangu." Kisha kwa Povu: "Twende uwanjani."

"Mimi, Mzee?"

"Kuna mwingine humu? Utatembea upande wangu wa kulia. Huongei. Na huangalii chini. Anayeangalia chini ndiye anayeangaliwa."

Walitoka. Kocha alitembea polepole, kidevu juu, na Povu alipima hatua zake zisimtangulie. Wanawake waliokuwa wakianua nguo waliacha nguo kambani. Njia nzima Povu alitamani ardhi ipasuke immeze, na njia nzima aliangalia mbele, kwa kuwa ameagizwa.

Mbele ya kinyozi kicheko kilikatika. Kipa alikuwa na mashine mkononi. Iliendelea kunguruma hewani, mbali na kichwa cha mteja.

"Kipa," Kocha alisema. "Beki Mbili. Namba Kumi."

"Shikamoo, Kocha," waliitika, mmoja baada ya mwingine, kama watoto wa shule.

"Mnamjua huyu?"

Macho yote yakamgeukia Povu.

"Huyu ndiye fundi wangu. Mwenye godoro amuulize bei."

Namba Kumi aliitazama simu yake, akaigeuza kifudifudi pajani. Kipa alimtazama Povu, na katika macho yake kulikuwa na swali ambalo Povu alilijua vizuri: si ulitabasamu nasi muda si mrefu? Povu hakuweza kuangalia chini.

Uwanjani vijana walikuwa wameanza bila kocha, wakikimbizana ovyo nyuma ya mpira mmoja. Walipomwona wakasimama mahali walipo. Walishasikia, Povu aliona walivyogusana viwiko. Kando ya mstari palikuwa na benchi la saruji ambalo, miaka yote hii, Kocha hakuwahi kulikalia. Alifundisha amesimama, mvua na jua, na watu walisema ni ukali wake.

Leo alilisogelea. Akatia mkono ndani ya koti, akatoa nailoni iliyokunjwa vizuri mara nne, ya kutandikia meza. Akaikunjua mbele ya wote, bila haraka, akaitandaza juu ya saruji na kuipapasa kwa kiganja hadi mikunjo ikanyooka. Kisha akageuka, akakaa.

"Mpira kwa beki!" akaita. "Anzeni nyuma!"

Vijana wakajipanga. Povu alisimama upande wa kulia, hajaambiwa aondoke, hajaambiwa akae. Upepo ulipita uwanjani ukiwa na vumbi, ukainua ncha moja ya nailoni, ikaanza kupigapiga. Kocha hakuitazama. Povu aliinama, akaweka kidole juu ya ncha ile, akaishikilia.